Kuvunjika kwa mayai hakukutajwa: kisa cha mwanagenzi wa Kiingereza katika Gredi ya 4, Lamu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinawahusu wakufunzi wa vyuo vya ualimu, walimu wanaopokea wanagenzi madarasani mwao, na wanagenzi wenyewe, yaani wanafunzi wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha. Shule, chuo na watu hawatajwi, na mambo machache yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Mwandishi ndiye mkufunzi wa Kiingereza aliyekwenda kumtazama mwanagenzi akifundisha. Swali lililonifanya niandike ni hili: mwanagenzi anafunzwaje kuyatumia matokeo ya mtaala, yaani yale ambayo mtoto anatarajiwa kuyaweza, anapofundisha lugha, ilhali chuoni amezoea kuyanakili tu?

Usuli

Mtaala wa umilisi ulianza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, kuanzia madarasa ya awali hadi Gredi ya 3, nao mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) uliokuwapo tangu 1985 ukaanza kuondoka gredi baada ya gredi. Vyuo vya ualimu vilifuata mwaka 2021, pale cheti cha ualimu wa msingi, P1, kilipoachia nafasi stashahada ya miaka mitatu. Kila gredi ina kitabu chake cha mtaala kutoka Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambacho walimu wote wanakiita disaini. Ndani yake mna mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, shughuli zilizopendekezwa, maswali dadisi, na jedwali la upimaji lenye viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Matokeo ya mada ndogo aghalabu huwa matatu, yaani la maarifa, la stadi na la mwelekeo.

Ni kitabu kizuri. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia kikilaumiwa na watu ambao hawajawahi kukisoma kurasa mbili mfululizo. Shida iko katika namna tunavyowafunza wanagenzi kukishika. Fomu ya andalio la somo ina kisanduku cha matokeo. Mwanagenzi anafungua disaini, anatafuta mada ndogo ya wiki hiyo, ananakili a, b na c, kisha anaendelea na kisanduku kinachofuata. Anayemkagua huangalia kama kisanduku kimejazwa na kama maneno yanalingana na ya disaini, halafu humpa alama zake. Mwanagenzi anaweza kumaliza chuo bila kuulizwa hata mara moja ni dakika gani ya somo ambapo tokeo hilo litaonekana au kusikika.

Shule yenyewe iko katika mji wa kale wa Lamu, ule ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Watoto nyumbani wanazungumza Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu; asubuhi wako shuleni, alasiri wako madrasa. Gredi ya 1 hadi ya 3 masomo hufundishwa kwa lugha ya eneo, ambayo hapa ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Kwa hiyo mtoto wa Gredi ya 4 anajifunza Kiingereza na wakati huohuo anajifunza sayansi na hesabu kwa Kiingereza. Darasa hili lilikuwa na watoto arobaini na kidogo, na kitabu kimoja cha Kiingereza kwa kila watatu.

Walikuwa wasomaji wazuri wa sauti. Walipita katika mradi wa Tusome, ulioenezwa kote nchini kuanzia 2015 kufundisha kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini. Kasi ya kusoma ilitiliwa maanani sana: msomaji mwepesi wa Kiingereza alitarajiwa kufikisha maneno 65 kwa dakika, na wa Kiswahili maneno 45, kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu zaidi. Wengi wa watoto hawa walisoma Kiingereza bila kukwama. Ndiyo maana tatizo lilichelewa kuonekana.

Mwanagenzi alikuwa wa mwaka wa mwisho, mtu wa upande wa Malindi, mwenye bidii na sauti inayofika nyuma ya darasa. Maandalio yake yalikuwa safi kuliko ya wenzake wote.

Somo lilivyokwenda

Mada ndogo ilikuwa kusoma kwa ufahamu. Katika kisanduku aliandika, kama ilivyo katika disaini, kwamba mwanafunzi atambue wahusika na matukio, ajibu maswali ya moja kwa moja na ya kung'amua (yanayodai kutambua lisilosemwa wazi), na afurahie kusoma.

Kifungu kilikuwa kifupi. Mvulana ametumwa dukani na bibi yake kununua mayai. Njiani anakutana na rafiki zake wakicheza mpira. Kisha tunamwona anarudi nyumbani, anaingia kwa mlango wa nyuma, anaweka kapu chini polepole, na kitu cha manjano kinadondoka sakafuni. Bibi anaita. Mvulana haitiki. Kifungu kinaishia hapo. Hakisemi popote kwamba mayai yalivunjika.

Mwanagenzi alisoma kwanza, watoto wakamfuata kwa pamoja, kisha safu kwa safu. Akaandika ubaoni maneno sita magumu na maana zake, nao wakanakili. Yakafuata maswali matano. Nani alitumwa? Alitumwa nini? Alikutana na nani? Aliingia kwa mlango gani? Nani alimwita? Watoto waliandika majibu haraka, madaftari yakasahihishwa, na karibu kila ukurasa ulijaa tiki. Katika rekodi ya upimaji, darasa zima liliandikwa kuwa limefikia matarajio. Dakika 35 zikatosha barabara.

Kengele ilipolia niliketi kwenye dawati la nyuma na msichana mmoja aliyekuwa amepata yote matano. Nilimuuliza kwa Kiingereza kwa nini mvulana hakuitika alipoitwa. Aliweka kidole kwenye sentensi inayosema hakuitika, akanisomea vizuri kabisa. Nikamuuliza tena, safari hii kwa Kiswahili.

"Siyui, mwalimu. Haikunenwa."

Jirani yake, mvulana aliyekuwa amepata matatu tu kwa sababu ya tahajia, aliingilia: "Yamevundika, mwalimu. Aogopa bibiye."

Watoto wawili, na matatizo mawili tofauti kabisa. Msichana alisoma maneno yote na kuyajibu, lakini hakujua kwamba msomaji ana ruhusa ya kujua jambo ambalo mwandishi hakulisema. Mvulana alikuwa ameng'amua kila kitu, ila Kiingereza cha kulieleza hana. Katika rekodi wote wawili walikuwa sawa, na katika madaftari wa pili alionekana dhaifu kuliko wa kwanza.

Mashauriano na maamuzi

Tuliketi watatu, mwanagenzi, mwalimu wa darasa na mimi, chumba cha walimu kikiwa kimetulia. Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mwanagenzi alitaka kuongeza msamiati, akiamini watoto wakijua maneno mengi zaidi wataelewa. Mwalimu wa darasa, ambaye amewafundisha watoto wa mji huu kwa miaka mingi, alitaka warudi kwenye mazoezi ya kusoma kwa kasi na kwa usahihi. Hakuna aliyekuwa amekosea kabisa. Lakini dawa zote mbili zilichaguliwa kabla ya kulitazama tokeo lenyewe.

Nilimwomba mwanagenzi asome tokeo la pili kwa sauti na asimame kwenye kitenzi. Ajibu maswali ya moja kwa moja, na ya kung'amua. Kisha nikamwomba anionyeshe katika maswali yake matano lipi ni la kung'amua. Alitafuta. Hakukuwa na hata moja. Alikuwa ameliandika tokeo kwa mwandiko mzuri na hakuliuliza.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kugeuza mpangilio wa kazi. Kabla ya kufikiria shughuli yoyote, aandike swali atakalouliza mwisho wa somo, na jibu ambalo angependa kulisikia kwa mtoto wa Gredi ya 4, kwa Kiingereza cha mtoto wa Gredi ya 4. Akishindwa kuliandika jibu hilo, bado hajaelewa tokeo. Tulilichagua hilo kwa kuwa ni dogo, halihitaji fomu mpya, na linamlazimisha mwanagenzi kuwa mwanafunzi kwa dakika mbili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuandika tokeo moja kwa kila kipindi. Matokeo matatu ya mada ndogo hayakupangiwa dakika 35, bali yatimie mada ndogo inapokamilika. Hili la tatu, kufurahia kusoma, tuliliondoa kabisa katika upimaji wa kila siku. Mtoto huwezi kumwekea tiki ya furaha Jumanne saa nne. Unaliona baada ya muda, anapokuja kukuuliza kama kuna kitabu kingine.

Wa tatu ulileta ubishi. Nilipendekeza kung'amua kuanze kwa Kiswahili. Mwalimu wa darasa alikataa, akasema: "Mwalimu, hawa mwakani na mwaka wa kesho kutwa watapimwa kwa Kiingereza, wala mtihani hautawauliza kwa Kiamu." Ana haki. Gredi ya 6 watoto wanafanya upimaji wa kitaifa, na karatasi haitawasubiri. Tulikubaliana hivi: mtoto aruhusiwe kutoa wazo lake la kwanza kwa Kiswahili, kisha wenzake wamsaidie kulivusha hadi Kiingereza kabla halijaandikwa. Rekodi iwe na safu mbili, moja ya kuonyesha kama ameng'amua, nyingine kama ameeleza kwa Kiingereza.

Wa nne ulihusu kuijua ngazi iliyo chini na iliyo juu. Hapa nilimletea mfano wa Marekani, kwa sababu unaonyesha jambo hili waziwazi. Viwango vya pamoja vya lugha vilivyotolewa kule mwaka 2010, vinavyojulikana kama Common Core, vimejengwa kwa stadi zinazopanda kutoka darasa hadi darasa. Chukua wahusika katika hadithi. Darasa la 1 mtoto anaeleza wahusika, mahali na matukio makuu akitumia mambo ya msingi ya hadithi. Darasa la 3 anaeleza sifa, nia na hisia za mhusika, na jinsi matendo yake yanavyosukuma matukio. Darasa la 4 anaeleza mhusika kwa undani akitegemea mambo mahususi yaliyomo katika maandishi. Stadi ni ileile, ila mzigo unaongezeka. Sikumletea ili afundishe mtaala wa Marekani. Nilitaka afanye kazi hiyohiyo kwa disaini zetu: atandike ya Gredi ya 2, ya 3, ya 4 na ya 5 mezani, afuate tokeo la ufahamu kutoka moja hadi nyingine kwa kalamu, aone mtoto anatoka wapi na anakwenda wapi. Alisema hajawahi kufungua disaini ya gredi asiyoifundisha. Chuoni hakuna aliyemtuma afanye hivyo.

Masomo yaliyofuata

Somo lililofuata alilianza bila kitabu. Alisimama mbele na kusema, "Kitendawili!" Darasa zima likajibu, "Tega!" Akatega: nyumba yangu haina mlango. Mikono ikapanda kila upande, yai, yai. Hakuwasifu. Aliuliza, "Umejuaje?"

Swali hilo liliwanyamazisha kidogo. Jibu la kitendawili hili wanalijua tangu hawajaanza shule, na hakuna aliyewahi kuwadai ushahidi. Kisha mmoja akasema yai ni kama nyumba ya kifaranga, mwingine akasema halina pa kuingilia. Akawategea vingine ambavyo alivitunga mwenyewe, wasivyoweza kuvikariri, na kila jibu likafuatwa na swali lilelile. Nilifurahi sana kuona jambo hili. Kitendawili kinampa mtoto dalili na kumnyima jibu, ndivyo kilivyo tangu zamani, na mtoto wa Lamu amelelewa nacho. Kung'amua hakukuwa kitu kigeni kwa watoto hawa. Walichokuwa hawajui ni kwamba kunaruhusiwa katika kitabu cha Kiingereza.

Ndipo akawarudisha kwenye kifungu cha mvulana na mayai. Swali la ubaoni likawa moja: nini kilitokea kwa mayai, na umejuaje? Watoto walifanya kazi wakiwa watatu watatu kwa kila kitabu, wakitafuta dalili na kuzipigia mstari kwa penseli. Mlango wa nyuma. Kapu polepole. Manjano. Kundi moja lilidai kuwa mpira ndio uliovunja mayai, na mwanagenzi akawauliza wameona wapi. Walirudi kitabuni, wakakuta kuwa mpira umetajwa lakini haijasemwa kuwa mvulana alicheza, wakabishana wenyewe kwa wenyewe hadi wakakubali kusema "labda".

Msichana wa mwanzo aliandika sentensi hii: "He go in back door because eggs is break and grandmother he will be angry."

Mwanagenzi alishika kalamu nyekundu. Nilimwona anasita, akaniangalia. Sentensi ina makosa mengi ya sarufi, likiwamo lile la kumwita bibi kwa kiwakilishi cha mwanamume, kosa la kawaida kwa mtoto ambaye lugha yake haitenganishi jinsia katika viwakilishi. Lakini tokeo la siku hiyo lilikuwa kung'amua na kutoa ushahidi, na sentensi imefanya yote mawili. Alimwandika kuwa amefikia matarajio katika safu ya kwanza na anakaribia katika ya pili. Makosa ya sarufi akayanakili pembeni mwa daftari lake kwa ajili ya kipindi cha sarufi, na kweli wiki iliyofuata alifundisha viwakilishi kwa sentensi za watoto wenyewe.

Matokeo

Kufikia mwisho wa muhula, wengi wa darasa waliweza kusema kwa Kiswahili jambo lisilotajwa katika kifungu na kuonyesha sentensi iliyowapa dalili. Kulieleza kwa Kiingereza waliweza takriban nusu, tena kwa sentensi fupi. Mvulana aliyejibu kuhusu mayai siku ya kwanza akawa mtu wa kutegemewa, kwa kuwa sasa rekodi iliona anachokiweza.

Kwa mwanagenzi mambo hayakuwa mepesi. Mkaguzi mwingine wa chuo alikuja, akafungua andalio, akakuta tokeo moja mahali pa matatu, akamkata alama. Maelezo aliyoyaandika yalikuwa kwamba matokeo hayakukamilika. Hakuuliza swali la mwisho wa somo lilikuwa lipi, wala fomu haikumtaka aulize. Alama hizo hazikurudishwa.

Kilichofaa

Kilichofaa kuliko vyote ni kuandika swali la mwisho kwanza. Nimeona baadaye kwamba mwanagenzi akishaliandika, anaanza mwenyewe kuzitupa shughuli zisizompeleka huko. Kunakili maana za maneno sita kulikufa bila mtu kukukataza, kwani matatu kati ya hayo hayakuhitajika kujibu swali. Msamiati ulibaki, lakini ule uliobeba dalili.

Kutenganisha stadi na lugha pia kulifaa, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaodhani kuwa tokeo la Kiingereza hupimwa kwa Kiingereza tangu dakika ya kwanza. Ukichanganya vitu viwili katika tiki moja, hutajua ni kipi mtoto anakosa, na utampa dawa ya mwingine. Yule msichana angeongezewa msamiati ambao hakuuhitaji. Yule mvulana angerudishwa kusoma kwa kasi. Safu mbili ziliwatenganisha siku ya kwanza ya kutumika.

Kuhusu kitendawili, sidhani kila tokeo litapata mlango mzuri kama huu katika utamaduni wa watoto, na mwanagenzi akianza kulazimisha atafundisha vitendawili mwaka mzima. Kilifaa kwa sababu alikuwa ameshaelewa stadi yenyewe ni ipi, ndipo akajua wapi watoto tayari wanaitumia.

Kisichofaa

Rekodi ya safu mbili kwa watoto arobaini na kidogo kila kipindi haikuwezekana. Kwa siku chache mwanagenzi alikuwa anaandika badala ya kufundisha. Akapunguza, akawa anawatazama wanane kwa kipindi, akizunguka darasa zima ndani ya wiki kadhaa. Hilo liliendelea vizuri, lakini ilibidi alivumbue mwenyewe, wakati ni jambo ambalo chuo kingeweza kumfundisha katika masomo ya majaribio kabla hajatumwa shuleni.

Muda ulikatika mara nyingi. Majadiliano ya ushahidi hayaishi ndani ya dakika 35, hasa wakigawana kitabu watatu. Mara mbili tatu swali la mwisho halikuulizwa kabisa, jambo ambalo ni hasara kwa mpango uliojengwa juu ya swali hilo. Baadaye alianza kulitoa katikati ya somo kwa kundi lililo tayari.

Lakini lililoniuma ni kundi la nyuma. Walikuwapo watoto wachache wanaosoma Kiingereza neno kwa neno, wakisimama kwenye kila konsonanti mbili zilizofuatana. Kwa Kiswahili waling'amua kama wenzao, pengine kuwazidi, mradi tu wasomewe. Kwenye kitabu hawakuweza kupata dalili kwa sababu walipofika mwisho wa sentensi walikuwa wameshausahau mwanzo wake. Mpango wetu haukuwa na kitu kwa ajili yao. Mwalimu wa darasa ndiye aliyewachukua, dakika chache kabla ya kengele ya asubuhi, akirudi nao kwenye matokeo ya kusoma ya Gredi ya 2, sauti na silabi, kama alivyotaka tangu mwanzo. Kwa watoto hao dawa yake ilikuwa sahihi.

Ameniambia tangu hapo kwamba mwanagenzi ajaye akitumwa shuleni kwake na disaini moja mkononi, atamrudisha akalete ya Gredi ya 2 na ya 3. Idara yetu imekubali ombi lake. Kuhusu kisanduku cha matokeo, na kama mwanagenzi aruhusiwe kuandika moja bila kukatwa alama, hatujaafikiana bado, na fomu inayotumika ni ileile.